Mama Naye Aulizwe Hali

Msikilizaji, mzazi kulialia siku chache baada ya kujifungua ni kawaida. Lakini huzuni ikipita wiki mbili, akakosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, akawa hana hamu hata ya kumtazama, huo ni ugonjwa wa sonona, na unatibika. Kumwambia “jikaze” ni kumwongezea mzigo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua. Kliniki mtoto hupimwa uzito, hupewa chanjo. Mama naye aulizwe anaendeleaje. Baba, nawe sonona yaweza kukupata, mweleze muuguzi. Mama akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali, hata usiku wa manane.