Kumtafuta Mtoto Aliyeondoka Mapema

Leo tunamzungumzia mtoto anayesahaulika kirahisi katika historia ya ukoo: yule aliyefariki akiwa mchanga.

Anza na majina. Kwa Wasukuma, pacha huitwa Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Ukimkuta bibi aitwaye Shija na hakuna anayewataja Kulwa na Doto wake, uliza. Huenda pacha hao walizikwa wakiwa wadogo. Lakini uliza kwa upole, maana kwa mama hakuna msiba uliochakaa.

Kisha nenda parokiani. Wamisionari wa Afrika walifika Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883, na daftari la ubatizo huandika jina la mtoto, wazazi, msimamizi na tarehe. Mtoto mgonjwa mahututi aliweza kubatizwa hapohapo alipolala, hivyo hata aliyeishi siku chache anaweza kuwa na mstari wake. Usipompata hapo, omba daftari la vifo.

Msikitini na kwa majirani, wazee wanaojua makaburi ndio kumbukumbu. Wahi kabla hawajaondoka.

Kwa wanaozaliwa sasa, kizazi na kifo husajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, hata kama mtoto ameishi saa moja tu. Kadi ya kliniki pia usiitupe. Mzazi uliyefiwa, fika ofisi ya msajili wilayani kwako, mwanao aandikwe.