Jina Jema ni Urithi Usiooza

(Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wazee wa kanisa, waalimu na vijana.)



Kazi yangu ni kufasiri. Kutwa nzima huyatoa maneno ya watu katika lugha moja na kuyatia katika lugha nyingine. Katika kazi hiyo nimejifunza jambo moja: karibu kila neno laweza kufasiriwa, lakini jina la mtu halifasiriwi. Huandikwa vile vile lilivyo, na kila alisomaye hulijaza maana kwa kadiri anavyoyajua matendo ya mwenye jina. Hilo ndilo niliombwa nilizungumze leo: jina jema la Mkristo, na jinsi linavyodumu hata baada ya mwenyewe kuingia kaburini.

Wazee wetu walisema, Jina jema hung'ara gizani. Naye mwenye hekima wa kitabu cha Mithali alilipima jina jema pamoja na wingi wa mali, akaona ya kuwa jina ndilo zito. Wengi wetu twayakubali maneno hayo kwa midomo. Basi, ili tusizungumze hewani, nataka niwasimulie habari za mtu mmoja, Mwafrika kama sisi, wa nchi ya jirani ya Uganda. Huyo ni Kanoni Apolo Kivebulaya.

Mtu huyu alikuwa na majina matatu. La kwanza ni Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume aliyetangulia kuzaliwa. Hilo alilipata kwa kuzaliwa tu. La pili ni Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya. Watu walimpachika kwa sababu ya vazi alilolivaa. La tatu ni Apolo, aliloitwa alipobatizwa mwaka wa 1895. Lakini jina jema halikuwamo katika hayo matatu. Jina jema mtu hapewi na baba yake, wala na fundi cherehani, wala na padre. Ilimpasa kulitafuta mwenyewe kwa mwenendo wake, naye ujana wake alikuwa ameupitisha katika vita vilivyowagawanya watu wa Buganda.

Baada ya ubatizo alitumwa Toro, na mwaka wa 1896 akavuka mto Semliki, akafika Mboga, ukingoni mwa msitu mkubwa wa Ituri. Waalimu waliomtangulia huko walikuwa wamelazimika kuondoka, kwa kuwa mtawala wa nchi, aitwaye Tabaro, hakupendezwa na mafundisho yao, nao wakakosa chakula. Apolo hakusubiri kulishwa. Alishika jembe, akalima shamba lake, akafundisha watu kusoma, akajenga. Watu wa Mboga wakaona mwalimu ambaye mikono yake ina sugu kama mikono yao.

Ndipo likampata jambo ambalo lingeweza kulifuta jina la mtu ye yote. Mwanamke mmoja Mkristo, ndugu yake Tabaro, alianguka juu ya mkuki wa Apolo, akafa. Ilikuwa ajali, lakini Apolo alishtakiwa kwamba ameua. Akafungwa, akapelekwa Toro, akatiwa gerezani. Fikirini, ndugu zangu, jinsi habari hiyo ilivyosimuliwa njiani: mwalimu wa dini amemwua mwanamke! Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika dhiki ile alimwona Bwana Yesu katika maono, akatiwa moyo. Mwisho hatia haikuonekana kwake, akafunguliwa.

Sasa nawauliza: je, sisi tungalifanya nini? Wengi wetu tungalirudi kwetu Buganda, tukasema, Watu wa Mboga wameniharibia jina, sitakanyaga kwao tena. Apolo alirudi Mboga. Alirudi kwa watu wale wale waliomsingizia, akaendelea na kazi ile ile. Alipata kupigwa kwa amri ya Tabaro hata akaachwa kama maiti, naye alipopona alisimama tena kuwafundisha watu. Hatimaye Tabaro mwenyewe aliomba kufundishwa, akabatizwa, akaitwa Paulo. Adui ndiye aliyekuwa shahidi wa jina lake.

Hapa yatupasa tusimame kidogo, maana wako wanaofikiri kwamba jina jema ni kusifiwa. Sivyo. Sifa hutoka midomoni mwa watu, na midomo hugeuka asubuhi na jioni. Kadhalika wako wanaodhani kwamba jina jema ni karatasi. Cheti cha mwenendo mwema kinachotolewa na polisi kina faida yake kwa mtu atafutaye kazi, lakini chasema tu kwamba mtu hakuonekana na hatia. Hakiwezi kusema kama mtu huyo hulipa deni lake, au humtunza mjane wa nduguye, au hupunja mizani dukani pake. Hayo wayajua jirani zake.

Tena jina jema halimkingi mtu na fitina. Apolo alikuwa na jina jema na bado alifungwa. Tofauti ni hii: mwenye mwenendo mwema akisingiziwa, uongo huo huja ukagongana na matendo yake ya kila siku, ukavunjika. Huenda ukakawia kuvunjika, naye akaumia sana; kwa hiyo sisi tunaosikiliza tusiwe wepesi kuchukua habari mbaya za mtu na kuzitembeza sokoni. Kulichafua jina la mwenzio ni kuiba urithi wa watoto wake.

Mwaka wa 1922 Apolo alifanywa Kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe. Hakuhamia mjini kwa ajili ya cheo hicho. Aliendelea na kazi yake ya kuingia msituni kwa Wambuti, watu wafupi ambao wengi waliwadharau. Alikufa huko Mboga tarehe 30 Mei, 1933. Hakuwa na mke wala mtoto. Kwa desturi ya mahali pale maiti ilizikwa kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliusia azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kusudi watu wajue kwamba kazi bado iko mbele.

Mtu asiye na mtoto, kwa hesabu ya wengi, jina lake hupotea. Lakini Kanisa la Anglikana la Kongo, ambalo lilipata kuwa jimbo la kujitegemea mwaka wa 1992, huhesabu mwanzo wake kwa mtu huyu, na Wakristo wa nchi za mbali humkumbuka kila mwaka tarehe ya kufa kwake.

Ninyi vijana, mtaachiwa mashamba na wazee wenu, wengine mengi, wengine machache. Mashamba hugawanywa yakaisha. Jina jema kila mtoto hulipata zima, wala hakuna atakayempunguzia mwenzake. Na ninyi wazee wenzangu, tukirudi nyumbani leo, kila mmoja ajiulize hivi: nikifa usiku huu, jirani yangu atawaambia nini wanangu juu yangu kesho asubuhi?