Breki za Nyuma: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Pedi

Hotuba ya mkufunzi wa ufundi wa magari kwa madereva na mafundi wa jua kali, Iten



Wengi wenu hushuka kutoka Iten hadi Tambach mkiwa na abiria na mizigo. Mnajua kwamba breki zikikataa kwenye zile kona, hakuna nafasi ya kujaribu tena.

Leo nazungumzia breki za diski za nyuma kwenye magari ya zamani. Malalamiko ni yale yale: "Mwalimu, nimebadilisha pedi juzi tu na zimeisha tena upande mmoja." Mwingine gurudumu linapata moto, mwingine handbreki haishiki. Pedi mpya haziponyi ugonjwa huo. Tafuteni chanzo kwanza.

Egesheni gari mahali tambarare, wekeni mawe kwenye magurudumu ya mbele, toeni gia, legezeni handbreki. Inueni nyuma na muweke stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Sasa zungusheni gurudumu kwa mkono. Likiwa zito, na waya wa handbreki umefungwa kwenye kalipa, uondoeni. Gurudumu likilegea, huenda waya umeshika kutu ndani ya ganda lake. Likibaki zito, legezeni kidogo skrubu ya kutolea hewa. Likiachia hapo, mafuta yalikuwa yamefungiwa; kagueni hosi, kwani hosi kuukuu huvimba kwa ndani. Likikataa bado, tatizo liko kwenye pistoni au pini za kalipa.

Tazameni pia pedi zenyewe. Kwenye kalipa yenye pini, pedi ya ndani ikiisha sana kuliko ya nje, mara nyingi pini zimekwama. Zisafisheni, kisha mpake grisi ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira.

Nikiwa fundi mchanga, nilibana pistoni ya nyuma kwa klempu kama nilivyozoea kufanya mbele. Haikuingia, nikaongeza nguvu. Nikaharibu kalipa nzima, na gharama ikawa yangu. Kalipa ile ilikuwa na handbreki ndani yake, na pistoni ya namna hiyo huzungushwa huku ikisukumwa. Magari mengine yana viatu vidogo vya handbreki ndani ya diski, na pistoni yake husukumwa tu. Hakikisheni ni aina gani kabla ya kushika chombo.

Badilisheni pedi pande zote mbili. Hewa ikiingia, itoeni. Ongezeni mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Kanyageni pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea. Handbreki irekebishwe mwisho, na jaribio la kwanza lifanyike polepole kwenye tambarare, si mteremkoni.

Mwenye gari, usimharakishe fundi. Muulize: "Umeona nini kilichomaliza pedi hizi?" Kama hana jibu, kazi haijaisha, hata kama gari linasimama leo.