Kuchagua Bomba la Moshi kwa Gari Lenye Tabo
(Mazungumzo yaliyotolewa katika Siku ya Wanafunzi wa Zamani)



Kamati iliniachia nichague jambo la kuzungumza. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu ya kila siku ni majalada na makisio ya fedha. Leo hayo nayaweka kando. Nitazungumzia bomba la moshi la gari, kwa sababu wengi wetu tumenunua magari ya tabo yaliyokwisha tumika Japani, na kwa sababu bomba hilo lilinitia hasara ambayo fedha haiwezi kuilipa.

Tabo ni mapangaboi mawili madogo yaliyofungwa kwenye mhimili mmoja. Moshi wa moto utokao kwenye injini hulizungusha la kwanza. La pili huisukuma hewa iingie kwenye injini. Mhandisi Alfred Büchi wa Uswisi aliliombea hataza wazo hilo mwaka 1905. Mhimili huo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachouzungusha ni tofauti ya shinikizo kabla na baada ya tabo. Kwa hiyo, bomba lililobana nyuma ya tabo huichelewesha, na bomba pana huiharakisha.

Mimi nililijua hilo nusu tu. Nilikuwa na Subaru Forester yenye injini ya lita 2. Fundi mmoja akanishauri niweke bomba la inchi 3, nikate masega na kutoa sailensa. Nikakubali. Gari likanguruma, vijana wa mtaani wakashangilia, nami nikavimba kichwa.

Mwaka 2014 nilianza safari kuja hapa kwenye sherehe ya kumuaga mwalimu wetu wa hesabu. Mimi ndiye niliyepangiwa kutoa neno la shukrani. Katikati ya mlima wa Kitonga injini ikanoki. Pistoni moja ilikuwa imepasuka. Nilifika kesho yake kwa lori la mahindi, viti vimekwisha rudishwa madarasani na Mwalimu amekwisha kwenda kwao. Mwaka uliofuata alifariki. Neno lile sikupata kumwambia.

Kosa lilikuwa nini? Alitufundisha yeye mwenyewe, katika shule hii, kwamba eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo. Kutoka inchi 2.5 hadi inchi 3 huonekana ni nusu inchi tu, lakini 6.25 imekuwa 9, yaani ongezeko la asilimia 44. Njia ilipofunguka kiasi hicho, ule mlango mdogo unaopitisha kando moshi uliozidi haukuweza tena kuizuia tabo. Hewa ikaingia kupita kiasi, petroli haikuongezeka kuilingana, joto likapanda.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nina mashauri matano.

Kwanza, jiulize unataka nini. Kelele si nguvu. Bomba la nyuma kabisa, penye sailensa, hubadili sauti zaidi kuliko mwendo.

Pili, bomba lenye faida kubwa ni lile la kwanza litokalo kwenye tabo. Usiliguse mpaka uwe na fedha za kurekebisha kompyuta ya injini, na mtu wa kupima msukumo wa hewa na mchanganyiko wa petroli gari likiwa kazini. Fedha zikitosha bomba peke yake, basi hazijatosha.

Tatu, kwa injini ya lita 2 yenye tabo yake ya kiwandani, inchi 3 ni kubwa ya kutosha. Tazama na kona. Bomba lililopindwa kwa kubonyezwa hupungua upana pale pale lilipopinda, na fedha yako imepotea. Taka lile linalobaki duara mpaka konani.

Nne, tulio Dar es Salaam, Tanga na Mtwara tukumbuke chumvi ya bahari. Chuma cha kawaida huliwa na kutu upesi. Chuma kisichoshika kutu ni ghali siku ya kununua, lakini hukununui mara mbili.

Tano, usikate masega. Yapo ili kupunguza sumu ya moshi, ikiwamo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na inaua. Tena ndani yake mna platinamu, paladi na rodi, madini ya thamani. Fundi akikuhimiza kuyakata, muulize yatakwenda wapi. Yakiziba au yakivunjika, weka mengine. Na kila kiungo kikaguliwe kisivujishe moshi kuelekea walipokaa watoto wako.

Wadogo zetu, mara nyingi mtasikia kwamba hesabu za darasani hazina kazi mtaani. Mimi nilikuwa na jibu kichwani tangu sekondari, nikaenda kumsikiliza fundi bila kulitumia. Kabla ya kufungua mfuko, fungueni daftari.

Neno la shukrani kwa Mwalimu limechelewa. Nimelitoa leo, kwa namna hii.