Mtoto Akihara, Chupa ya Kemisti Ingoje

Leo niko na jambo moja tu, mnisikize vizuri.

Hapa Kawangware na kule Kangemi, mtoto akianza kuhara tunakimbia kwa kemisti. Tunaomba kitu cha kufunga tumbo, tunauziwa antibayotiki ya maji. Hata mimi nilifanya hivyo kwa mtoto wangu wa kwanza. Nilimpa dawa siku mbili, na huku namnyima maji nikidhani yanaongeza kuhara. Siku ya tatu macho yalikuwa yameingia ndani, analia bila machozi. Daktari hakuuliza habari ya chupa yangu. Aliuliza, "Amekunywa nini?" Nikanyamaza.

Ndugu zangu, kinachoua ni kukaukiwa maji mwilini. Kuhara kwingi kwa watoto wadogo kunaletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Utafiti wa nchi saba, Kenya na Tanzania zikiwemo, uliotolewa mwaka 2021, uliwapa watoto waliohara bila damu antibayotiki kwa siku tatu. Haikuonekana kupunguza vifo. Tena tukiitumia ovyo bakteria wanaizoea, na siku mtoto ana nimonia dawa haifanyi kazi.

Basi mpe ORS tangu choo cha kwanza cha maji. Soma paketi: nyingine ni ya nusu lita, nyingine lita nzima. Aliye chini ya miaka miwili, robo hadi nusu kikombe kila akihara. Akitapika, ngoja dakika kumi, uendelee pole pole kwa kijiko. Kunyonya na uji visikome. Uliza pia zinki: kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, nusu kwa aliye chini ya miezi sita, siku 10 hadi 14. Wengi wanaacha kuhara kukiisha, na hapo ndipo nagombana nao, maana zinki inamkinga hata miezi inayofuata.

Damu kwenye choo ni habari nyingine. Huyo anahitaji antibayotiki, lakini ya kuandikiwa kituo cha afya, si ya kukisia pale dirishani. Vile vile anayeshindwa kunywa, aliyelegea, au mchanga wa chini ya miezi miwili: mpeleke hata kama ni usiku. Kama bado anaweza kumeza, mnyweshe ORS huko huko ndani ya matatu.