Unyevu Ndani ya Nyumba Zetu



Rafiki mmoja wa ng'ambo alituuliza kama mashine ya kukausha hewa ingetufaa wakati wa masika. Tulicheka kidogo. Nyumba nyingi za Mbulu na Hanang zina mianya chini ya paa. Mashine hiyo ingekausha hewa ya wilaya nzima.

Lakini swali lake ni la kweli. Kwa baridi tunafunga madirisha, tunapika ndani, na magunia ya mahindi tunayalaza sakafuni karibu na kitanda. Yakipata unyevu yanaota kuvu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu katika mlipuko uliozikumba Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi.

Tunaomba kila kigango kianze na chupa ya kioo iliyokauka. Tieni punje za mahindi na chumvi kavu, tikiseni, acheni robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15: yarudisheni juani, juu ya turubai. Yakikauka, yapandisheni kwenye chaga za mbao, mbali na ukuta. Mchana fungueni madirisha.

Nanyi wafadhili, fedha ya mashine tunaomba itununulie maturubai na mbao, kabla ya mavuno.