Hotuba ya Wauguzi Wapya Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati ilipotuandikia barua kututaka tusimame mbele yenu tueleze jinsi fedha za chama zilivyotumika kutusomesha uuguzi, tuliona kwamba hesabu yenyewe ni fupi. Stakabadhi za karo, za sare na za vitabu zimekwisha kukabidhiwa Bwana Mweka Hazina, naye amezikagua. Lililobaki ni lile lisiloandikwa katika stakabadhi, nalo ndilo tunaloomba ruhusa yenu kulisema. Sisi tulio mbele yenu ni watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja. Tulipoondoka nyumbani tulikuwa wanne. Habari za huyo wa nne tutazifikia.

Siku ile mlipotuaga, mzee mmoja alituambia kwa upole kwamba kazi ya nesi ni kutandika vitanda na kumtii daktari, na kwa hiyo miaka mitatu ya masomo yaonekana kuwa mingi mno. Vitanda tulitandika kweli, tena vikafumuliwa na mwalimu tukavitandika upya, mpaka shuka ikanyooka bila kunyanzi. Maana kunyanzi moja chini ya mgonjwa asiyeweza kujigeuza huleta kidonda kisichopona kwa miezi. Lakini asubuhi ile ile tulikuwa tumekwisha kukaa darasani tukihesabu mifupa 206 ya mwili wa binadamu, na jioni tukarudia njia za damu ndani ya moyo. Yote hayo yalikuwa kwa Kiingereza, na majina mengi ni ya Kilatini. Mmoja wetu alibandika majina ya misuli ukutani juu ya karo la kufulia, asije akafua nguo bila kusoma.

Yako mambo tuliyoyadharau mwanzoni. Kuhesabu mapigo ya moyo ya mtu kwa dakika nzima, kila baada ya saa nne, usiku na mchana, tuliona ni kazi ya kupoteza wakati. Baadaye tulifahamu kwamba mgonjwa avujaye damu ndani ya mwili hasemi neno; mapigo yake ndiyo yasemayo, yakipanda kutoka 80 hadi 100, kisha 120, kabla uso wake haujabadilika rangi. Nesi aliyeandika tarakimu za uongo kwa sababu ya usingizi amemfunga mgonjwa mdomo. Walimu wetu hawakuwa na huruma hata kidogo katika jambo hili, nasi twawashukuru.

Kuhusu ndugu yetu huyu mvulana, twajua kwamba wako waliocheka waliposikia amekwenda kujifunza kazi ya wanawake. Twaomba wazee wenyewe wakumbuke wale madresa wa zamani waliofunga vidonda na kudunga sindano katika zahanati za misheni na za serikali. Aghalabu walikuwa wanaume, wala hakuna aliyewacheka. Katika wadi ya wazazi wako kina mama waliomkataa, naye akatoka nje bila manung'uniko. Na wako waliomkubali, ambao leo watoto wao wanatembea.

Jambo ambalo hakuna mwalimu aliyeweza kutufundisha ni kifo cha kwanza. Kwetu, kama mjuavyo, kijana asiye na mtoto haiguswi maiti na mkono wake. Kazi hiyo ni ya watu wazima, tena wachache. Sisi tulikuwa na umri wa miaka 19 tulipoambiwa tulete beseni la maji, tumwoshe bibi mmoja aliyekufa alfajiri, tumfunge taya, tumnyooshe viungo kabla havijakakamaa, tumfunike. Tulifanya. Usiku ule hatukula. Likizo ilipofika, mama mmoja aliye hapa leo alitushika mkono akauliza kama tulitakaswa. Hatukujua la kumjibu. Tulimwambia tu kwamba tulimsemesha yule bibi tulipokuwa tukimwosha, tukimwita nyanya, na kumweleza kila tulichofanya, kama tulivyofundishwa kumweleza mgonjwa aliye hai. Mama yule alinyamaza kitambo, kisha akasema yatosha. Neno lake lile lilitufaa kuliko vitabu.

Miaka mitatu ilipokwisha, wengi nyumbani walidhani tumekwisha kuwa wauguzi. La. Yuko mlinzi mwingine mlangoni, naye ni Baraza la Wauguzi la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983. Mtu aweza kuwa amefaulu mitihani yote ya chuo. Asipofaulu mtihani wa Baraza na kupata leseni, haruhusiwi kufanya kazi hii. Mtihani huo una ada yake, na leseni ina ada yake. Fedha hizi hazikuwamo katika makadirio ya chama, kwa kuwa hakuna aliyezijua.

Na leseni ikipatikana, kazi haiji mbio. Wazee waliozoea habari za miaka ya zamani, ambapo aliyemaliza chuo alipewa barua na serikali akaenda kazini, wametuuliza mara nyingi kwa nini tulikaa nyumbani. Tangu Katiba ya mwaka 2010, na hasa tangu mwaka 2013, hospitali zilizo nyingi zimekuwa chini ya serikali za kaunti, na kila kaunti huajiri kwa kadiri ya mfuko wake. Mwaka 2017 wauguzi waligoma kuanzia Juni hadi mapema Novemba, na wengi wenu mnakumbuka milango iliyofungwa. Mwaka 2021 serikali yetu ilitia sahihi mapatano na Uingereza ya kupeleka wauguzi huko. Wako wanaotuuliza kwa nini hatuendi. Hatumlaumu aendaye, wala hatuapi kwamba hatutakwenda kamwe. Ila twasema kwamba tulisomeshwa na watu wa hapa, nasi twataka kwanza kuitenda kazi hii hapa.

Hatimaye tulipata mikataba, kila mmoja mahali pake. Hapo ndipo tulipojua tofauti ya mwanafunzi na nesi. Mwanafunzi akikosea, yuko wa kumshika mkono. Nesi mpya akiingia zamu ya usiku aweza kujikuta na mwenzake mmoja tu, na wadi mbili zimejaa.

Twataka kuungama jambo moja, wala hatutasema ni nani kati yetu wala ni hospitali gani, maana lingeweza kumpata ye yote. Kilikuwapo kichanga cha siku tatu, chenye uzito wa kilo 4, kilichoandikiwa dawa ya gentamisini, miligramu 5 kwa kila kilo, yaani miligramu 20. Dawa hiyo huja katika vichupa vidogo. Cha watoto kina miligramu 20 ndani ya mililita 2. Cha watu wazima kina miligramu 80, nacho pia ni mililita 2. Vya watoto vilikuwa vimekwisha kabatini. Saa tisa za usiku, nesi wetu alichukua cha watu wazima, akavuta mililita 2 zote kama alivyozoea, akaelekea kitandani. Mkunga mzee aliyekuwa zamu pamoja naye hakupiga kelele. Alinyosha mkono tu, akasema, "Mwanangu, nisomee kichupa." Aliposoma, sindano ikaanza kutetemeka mkononi mwake. Alikuwa karibu kumpa mtoto yule kipimo mara nne, cha dawa iwezayo kuharibu figo na kumwacha kiziwi maisha yake yote. Walipima upya, nusu mililita, wakamdunga, wakaandika. Tangu siku ile hakuna kati yetu atoaye dawa bila kusoma kichupa kwa sauti, hata akiwa peke yake, na hata wagonjwa wakidhani ana wazimu.

Tumesimulia hayo si kwa kuwatia hofu, bali kwa sababu linalofuata lawahusu ninyi wenyewe. Nesi mwenye mawazo mawili ni hatari. Nasi tangu tulipoanza kazi tumepata wageni wengi kutoka kwetu. Wengine huja na mgonjwa, wakataka apite mbele ya waliofika alfajiri. Wengine hupiga simu usiku wa zamu wakiomba tuwatolee dawa kabatini, maana chama kilitusomesha. Mtu akiwa ni baba mdogo au shangazi, kumkatalia ni uchungu, na uchungu huo tunaingia nao wadini. Dawa ile ikitoka, yuko mtoto wa mtu mwingine atakayekuta kabati tupu, kama tulivyolikuta sisi usiku ule. Twawaomba wazee watusaidie kulisema neno hili katika mikutano ya matawi, kwa kuwa likisemwa na sisi vijana huonekana kuwa kiburi. Tuleteeni wagonjwa mapema, tutawaelekeza mahali pa kwenda na kuwaeleza barua za daktari. Hilo ni haki yenu na twalifanya kwa furaha.

Sasa mwenzetu wa nne. Hakufukuzwa, wala hakupata mimba kama ilivyosemwa sokoni. Alimaliza chuo pamoja nasi, na katika wadi alikuwa hodari kupita sisi sote. Ndiye aliyetufundisha kukokotoa vipimo vya dawa. Baba yake aliugua mwaka wa mwisho, fedha ya nyumbani ikaisha, naye akaufanya mtihani wa Baraza akiwa amelala usiku tatu kwenye benchi la hospitali. Hakufaulu. Sheria yetu ya msaada yasema kwamba ashindwaye hupoteza haki yake kwa chama, na hivyo hakuthubutu kuja kuomba ada ya kurudia. Mwaka mzima amekuwa akiuza mboga.

Sisi watatu tumekwisha kuchanga nusu ya ada hiyo. Twauomba mkutano huu utoe nusu iliyobaki, na kamati iifikirie tena ile kanuni, ili anayeshindwa mara moja apewe nafasi ya pili. Tulimwomba ruhusa kabla ya kuyasema haya mbele yenu, naye akakubali kwa shida. Ameketi pale karibu na mlango. Majina ya watahiniwa yatafungwa mwisho wa mwezi huu, Bwana Mwenyekiti, na kama mkutano hauna kipingamizi, twaomba jambo hili liamuliwe kabla ya kuondoka kwa chakula.